Moyo Chini ya Ukurasa

Jumatatu, 10 Juni

...na ndicho nilichokuwa nasema jana kabla mume wangu hajaninyang'anya kalamu: ndoa ni tamu, jamani! Wiki ya tatu hii na bado ananisindikiza hadi mlango wa ofisi, utadhani nitaibwa. Ni fundi wa friji. Mikono ya baridi, mapenzi ya moto!

Kazini, balaa. Mimi huchukua jarida la chama cha wafugaji, likiwa faili moja la XML, na kulipitisha kwenye programu inayoligeuza kuwa kurasa za tovuti. Jumamosi nilichomeka kimoyo ♥ mwisho wa faili, ili Laazizi wangu akiwa kwa wateja afungue simu akione. Kompyuta ikaniuliza jambo refu kuhusu namna ya kuhifadhi. Nikabonyeza Ndiyo. Tangu harusi nimezoea kukubali.

Leo kila ng'ombe kwenye tovuti amekuwa ng’ombe. Wafugaji wanapiga simu kuuliza kama ni ugonjwa mpya. Bosi akasema binti, ng'ombe wakipona kabla ya Jumatatu ijayo, nenda fungate yako. Wasipopona, utaifanyia hapa mezani. Na mama mkwe, ambaye fungate tutaila kwake, ameshatununulia godoro!

Kimoyo nacho kimetoka ♥. Laazizi kasema hajawahi kuandikiwa maneno mazito kiasi hicho.

Jumanne, 11 Juni

Mbaya wangu nimemjua. Bwana Njugu, wa meza ya mbele. Anatafuna njugu kutwa, hana mke, na huniita Bi Harusi kwa sauti ya mtu aliyekunywa siki. Wivu! Kauliza kama nahitaji msaada. Msaada! Nikamwambia atafune taratibu asije akapaliwa.

Ajabu, nikifungua faili lenyewe ng'ombe ni wazima kabisa. Wanaugua wakishafika kwenye tovuti. Basi nikawatibu hukohuko, mmoja mmoja, hadi vidole vikafa ganzi. Wakapona wote! Saa kumi Bosi akasahihisha namba ya simu ya daktari wa mifugo ndani ya faili, akaendesha programu upya. Wote wakaugua tena. Asante sana, Bosi.

Laazizi amenikanda vidole kimoja kimoja. Huyu mwanamume!

Jumatano, 12 Juni

Akili mpya. Kama programu imechafua, ipitishe tena isafishe. Si ndivyo tunavyofua nguo?

Sasa ni ng’ombe. Bosi kasema ng'ombe huyu ananenepa vizuri, kufikia Ijumaa hatatosha zizini. Bwana Njugu kacheka hadi njugu zikamwagika. Mungu anaona.

Mama mkwe kapiga simu kuuliza tunapenda mto mgumu au laini. Nikasema laini, mama. Nikalia chooni kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Usiku Laazizi alisema, kwa busara zake, kifaa kikisumbua sana kitoe. Nikawatoa ng'ombe. Kila palipokuwa na ng'ombe nikaweka “mnyama mkubwa mwenye pembe”. Kurasa zikang'aa!

Mwenyekiti wa chama akapiga simu yeye mwenyewe. Anataka kujua tangu lini anaongoza Chama cha Wafugaji wa Wanyama Wakubwa Wenye Pembe, na je, vifaru nao watalipa ada? Bosi akaniuliza kama likizo ninayotaka ni ya wiki moja au ya milele. Akaniamuru nirudishe faili la jana.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemruhusu Bwana Njugu asaidie. Kwa huruma tu.

Akauliza kama nimeongeza chochote kwenye faili. Nikasema hapana, mapenzi si chochote. Akashuka hadi chini kabisa. Akakiona kimoyo. Akanitazama. Nikatazama dari.

Basi akahubiri. Eti mstari wa kwanza wa faili unaiambia programu herufi zimehifadhiwa kwa mtindo gani, na wetu unataja mtindo wa zamani. Mtindo huo hauna kimoyo, kwa hiyo kompyuta iliniomba ihifadhi kwa mtindo mpya, nami nikakubali. Mstari ukabaki kudai ni ule wa zamani, programu ikausadiki, na ile alama iliyopinda ya ng'ombe ikasomwa vibaya. Hotuba nzima! Akafuta kimoyo changu bila hata kupepesa, akahifadhi kwa mtindo wa zamani. Ng'ombe wakapona papo hapo. Bosi akasaini likizo.

Likizo! Nimefunga sanduku. Nimemnunulia mama mkwe kitenge.

Jioni Laazizi akanong'ona kwamba leo alifungua tovuti mbele ya friji ya mteja, hakukuta kitu pale chini. Sauti yake! Nikakimbia ofisini kabla mlinzi hajafunga. Nimeweka viwili, chake na cha mama mkwe. Vidogo sana. Kompyuta ikauliza yale maneno yake. Ndiyo.

Jumamosi, 15 Juni

Bosi kapiga simu asubuhi. Ng'ombe wameugua tena, na likizo ameichana.

Wivu wa Bwana Njugu hauna mwisho! Nimempigia mama mkwe, nikamweleza kuna mtu ofisini hapendi kuona watu wakipendana. Nikamwambia godoro aliache kwenye nailoni yake, mto uwe laini vilevile. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwake.