Taa Nyekundu Isiwake

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Mjomba Silvano kaja asubuhi, kakalia kiti changu, kanywa chai yangu.  Ni mjomba wa mke wangu Bibiana, ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa nyumba hii, na hata kiti nadhani ni chake.

Kasema msimu wa korosho ukiisha, Upendo ataenda kukaa kwake Lisekese, asome huko. Upendo! Binti yangu ana miaka minane na bado ananishika kidole tukipita kwa watu wenye mbwa. Mjomba akasema hana ugomvi na mimi, ila mtoto hawezi kulelewa na mtu asiyemaliza kitu. Akanyoosha fimbo kuonyesha ushahidi. Banda la kuku lisilo na paa. Choo chenye shimo kisicho na ukuta. Baiskeli ya gurudumu moja.

Nikaomba nafasi. Akafikiri, akamaliza chai. Akasema nikimaliza kitu kimoja, chochote, chenye mwanzo na mwisho, kabla Jumapili ya tarehe 13 haijaisha, mtoto atabaki. Nimekubali. Ukuta wa choo ungekuwa rahisi, lakini mtu mwenye kipaji hajengi choo.

Mchana Newala mjini. Tangazo kwenye mlango wa banda la video la Optatus! Bwana Ashiru wa Dar es Salaam anakusanya filamu za watu binafsi, wasio na kampuni. Ziwe zinahusu familia, mtu kujitambua, na mahusiano yasiyo ya kawaida. Zitaonyeshwa palepale bandani, tarehe 13. Tarehe 13! Mungu si Athumani.

Optatus kaniambia hata yeye anashindana. Huyu tangu apate jenereta hasalimii watu, anawaitikia tu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimezunguka Makote nzima, kijiji chetu, nikitafuta uhusiano usio wa kawaida. Hakuna. Watu wa huku ni wa kawaida hadi inachosha. Wake wawili wa Mzee Muharami wanalima shamba moja na kumsengenya mume kwa pamoja. Kawaida. Nimerudi na vumbi tupu.

Bibi Paulina, nyanya wa Bibiana, kanipokea kama siku zote, kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu. Kauliza mume wake nilikuwa wapi, na uraka wake, pombe ya mabibo, uko wapi. Kisha kamwamuru Bibiana, mke mwenzie, amletee mume maji ya kunawa. Kikombe kimoja, maana maji yenyewe yanapandishwa kutoka bondeni na shingo ya mtu. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nikageukia ukuta, nikamwambia kuku: "Kuku, mwambie mwenye jiko nimerudi." Naye akamwambia kuku kwamba ugali upo chini ya ungo. Miaka tisa naishi kwao, namjua mama mkwe kwa visigino tu. Kawaida kabisa! Filamu nitaitoa wapi?

Jioni nikapata! Niliruka hadi nikagonga kichwa kwenye boriti. Kuna mwanamume. Anaishi na mke wake na watoto wake. Na watoto hao anawaamulia yeye mwenyewe! Mjomba haingii. Nilipomsimulia Bibiana aliuliza watu kama hao wanapatikana wapi. Nikasema nasikia Dar wapo. Akasikitika, akauliza watoto wao sasa wana nani.

Safi sana. Kama mke wangu ameshtuka, Bwana Ashiru atazimia. Jina nimeshapata: Baba Mwenye Kauli. Nimeandika kurasa nne. Ukurasa wa tatu baba anamfukuza mjomba.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa nimegawa kazi. Baba, mimi. Mama, Bibiana. Mtoto, Upendo. Mjomba nilimpa Mzee Muharami, kwa kuwa ana mwili mdogo wa kufukuzika. Habari zikafika Lisekese kabla sijala. Mjomba Silvano kapanda gari mchana uleule kuja kusema mjomba wa nyumba hii ni yeye, hata kwenye sinema. Ukurasa wa tatu sikumwonyesha. Nilimwambia bado unakaushwa.

Mama mkwe naye katuma ujumbe kupitia kuku. Kama uwanja ni wake, atakuwemo. Sasa nitamwelekezaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Nimekataa kwa heshima. Kuku akarudi na jibu kwamba jiko nalo ni lake. Nimekubali kwa heshima.

Jumanne, 8 Oktoba

Kamera imefika! Shemeji yangu Walter, kaka wa Bibiana, anaendesha lori la wanunuzi binafsi wa korosho. Siku hizi kununua korosho ni ruksa kwa kila mwenye gunia, na tajiri wa Walter ana hata kamera ya video. Kaniazima na mkanda mmoja. Walter alitaka kunielekeza vitufe. Nilimkatiza. Mimi si mtu wa kuelekezwa.

Tatizo, nani aishike? Wote wamo kwenye filamu. Kabaki Bibi Paulina. Kasema sawa mume wangu, kwa kibuyu kimoja cha uraka. Nimemfundisha mwenyewe. Kitufe ni kimoja. Kuna taa ndogo nyekundu. Ikiwaka, mashine imechoka, inapumzika. Ikizimika, mashine ipo kazini. Hili nimelijua kwa akili zangu tu: kwenye lori la Walter taa nyekundu ikiwaka lazima gari lisimame lipoe. Mashine ni mashine. Basi nikisema "Anza", Bibi abonyeze izime. Nikisema "Basi", abonyeze iwake, ipumue.

Bibi ameelewa mara moja. Kasema hata yeye macho yakiwa mekundu huwa anapumzika.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku ya kwanza ya kazi. Nimechoka kama nimelima.

Ukurasa wa tatu nilimwonyesha Mjomba dakika ya mwisho. Akausoma polepole, akaurudisha. Nikasema "Anza". Bibi akabonyeza. Nikakunja uso, nikanyoosha mkono mlangoni, nikasema, "Toka nyumbani kwangu, Mjomba!" Mjomba akasema, "Toka wewe."

Nikatoka. Sijui kwa nini. Miguu ilitoka yenyewe.

Tumerudia mara sita. Mara sita nimejikuta uwanjani. Mara ya saba nilimbembeleza Mjomba pembeni atoke walau kidogo, kwa ajili ya sanaa. Akasema atatoka akijisikia. Akatoka saa nane, kwenda kula.

Mama mkwe anaigiza vizuri, nasikia. Mimi nilimwelekeza nimempa mgongo. "Kuku, mwambie asogee kushoto. Kuku, mwambie alie." Kuku mwenyewe aliondoka katikati na ikabidi tusimame hadi arudishwe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo imebaki sehemu ya Upendo, ukurasa wa mwisho. Anatakiwa aseme, "Siendi Lisekese, nakaa na Baba." Tukafanya mazoezi wawili tu, chini ya mkorosho, Bibi akiwa amekaa pembeni na kamera yake inapumzika. Upendo akasahau maneno. Nikamkumbusha. Akasahau tena. Nilipata vumbi machoni, upepo wa Oktoba ni mbaya sana huku juu. Nikapangusa kwa ukurasa wa mwisho. Kisha tukapiga picha yenyewe. Akasema vizuri.

Nimemaliza! Mimi! Kitu chenye mwanzo na mwisho! Banda la kuku na lisubiri, nina mambo makubwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Optatus anaonyesha filamu yake ya watu wanaorushiana mateke. Kaandika kwamba wanaorushiana ni ndugu, kwa hiyo ni ya familia. Wizi!

Nilienda bandani kusaidia kupanga mabenchi. Hiyo ndiyo sababu niliyotoa. Orodha ya kesho ilikuwa ukutani: Fortunatus, yaani mimi, wa kwanza, Optatus wa pili. Mimi ni nani filamu yangu ionyeshwe watu bado wanatafuta pa kukaa? Nikafuta, nikajiweka wa pili. Optatus akaniona. Akacheka sana, akasema wa kwanza ndiye anayepata mafuta ya jenereta kwa uhakika. Nikabadilisha tena. Akasema basi nimalizie na mabenchi. Nimebeba mabenchi kumi na manne.

Jumapili, 13 Oktoba

Aibu. Aibu tupu. Naandika kwa kuwa nimejifungia na hakuna kingine cha kufanya.

Banda lilijaa. Mjomba mbele na fimbo yake. Mama mkwe nyuma ya khanga iliyofungwa kwenye kamba, ili mimi na yeye tusionane. Bibi kavaa viatu. Bwana Ashiru, kijana mwenye fulana ya mifuko mingi na kalamu katika kila mfuko, kakaa karibu na televisheni. Nikatoa hotuba fupi. Mkanda ukaingia.

Filamu yangu haimo! Hata kidogo! Hamna kufukuza, hamna kauli. Kilichomo ni takataka za katikati. Mimi nimegeukia ukuta nikimbembeleza kuku amwambie mama mkwe alie. Mama mkwe akimjibu kuku kwamba ataliaje na hajaudhiwa. Mimi nakimbiza kuku. Bibi asiyeonekana akisema mume wangu umekonda, mke mwenzangu hakulishi? Mjomba yuko nyuma ya nyumba peke yake, anafanya mazoezi ya kutoka: anajaribu kufukuzwa, anapiga hatua mbili, anatikisa kichwa, anarudi. Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Nilikuwa nimelibeba mimi.

Ndipo ikaja ya chini ya mkorosho. Upendo anasahau maneno. Namwambia sema, siendi Lisekese, nakaa na Baba. Anauliza, "Baba, hii ya sinema au ya kweli?"  Natamani ardhi ipasuke. Kisha sauti yangu, mbele ya watu wote wa Newala: "Ya kweli, mwanangu. Ila kwa Mjomba siwezi kuisema, ndiyo maana nimetafuta kamera." Na pale palikuwa hapana vumbi. Kila mtu aliona hapana vumbi.

Bandani hakucheka mtu.  Nyuma ya khanga mama mkwe akapenga kamasi. Halafu akasema, na mara hii hakumtafuta kuku, "Silvano, umesikia?" Bibi Paulina akaongeza kwamba yeye ndiye aliyewazaa wote wawili, na amesikia vizuri.

Mjomba akachora chini kwa fimbo.  Akasema sinema hii hajui ilianzia wapi, ila imeisha, na yeye alisema kitu chenye mwisho. Upendo abaki. Likizo tu ndiyo aende Lisekese, na nyanya zake wasiingilie hapo. Upendo kapenya miguu ya watu kuja kunishika kidole. Nilifurahi, nasema kweli. 

Bwana Ashiru alikuwa anaandika kwa kalamu mbili. Kasema miezi mitatu anazunguka na hajapata kitu kama hiki. Kuku! Khanga! Mume wa bibi! Ijumaa atapita kuuchukua mkanda, uonyeshwe Dar. Kijana mwenye adabu. Nimemwelewa, alikuwa ananifariji. Nani atatoka Dar kuja kuchukua mtu anayeongea na kuku?

Ya Optatus haikuonyeshwa. Mafuta yaliisha. Alikuja kuniambia kosa langu: taa nyekundu ikiwaka ndipo kamera inapiga picha, ikizimika haipigi.  Wivu ni ugonjwa. Nyekundu iwe ndiyo kazi? Kosa ni la Bibi, macho yamechoka.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeokoa jina langu! Siwezi kumpa Bwana Ashiru takataka zile. Kamera ya Walter bado ninayo, mkanda ni uleule. Nimeurudisha mwanzo, na jana na leo tumepiga Baba Mwenye Kauli yote upya, juu ya zile aibu, zifutike.

Bibi nimemwachisha kazi. Kanuna, kasema ananiacha, anatafuta mume mwingine. Nikaiweka kamera juu ya kinu na kuisimamia mwenyewe. Mjomba kaja kutoka Lisekese bila kuitwa, akasema leo anajisikia. Nilipomwambia atoke, katoka! Hatua nne nzima! Halafu kaulizia chai, akarudi kwenye kiti changu. Mama mkwe kalia machozi ya kweli, kuku kanithibitishia. Upendo hakusahau neno, ila alikuwa anacheka, kwa kuwa haendi popote na anajua. Bibiana kauliza, kama nina muda wote huu, kwa nini nisimalizie choo. Wanawake hawaoni mbali.

Mkanda nimeufunga kwa gazeti na uzi, unamngoja Bwana Ashiru keshokutwa. Ataona sasa filamu ni nini. Mara hii nimekuwa makini tangu mwanzo hadi mwisho: kila niliposema "Anza" nilichungulia kwanza. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja.