Paa la Samadi

Jumatatu, 1 Novemba 1869

Barua! Imetoka kwa Bwana Crake, msimamizi wa mashamba ya Bibi Mkubwa, mwenye ardhi tunayolima sote. Mwaka huu Bibi Mkubwa ataezeka paa juu ya ua mmoja tu wa mifugo hapa bondeni. Ama wangu, ama wa jirani yangu Pennock. Bwana Crake anakuja Jumamosi kukagua na kuamua.

Lazima uwe wangu! Nina majengo mazuri kuliko yote Yorkshire. Matofali mekundu pande zote nne, na nguruwe wangu wana madirisha ya tao kama ya kanisa. Ila katikati, uani, samadi inanyeshewa. Nguvu yake yote inachuruzika hadi kijitoni, na kijito kinapita kwenye malisho ya Pennock. Miaka sita nanenepesha ng'ombe wa Pennock kwa jasho la ng'ombe wangu! Jasho si neno lenyewe, lakini mimi ni mtu mwenye heshima zake.

Hester, mke wangu, kauliza kama Bwana Crake hawezi kutazama na paa la chumbani, maana linavuja juu ya mto wake. Nikamwambia mambo makubwa kwanza.

Jumanne, 2 Novemba

Nimepata wazo. Bwana Crake akiona maji ya paa yakimwagika juu ya samadi, mwenyewe atalia. Basi nimeziba mifereji yote ya paa kwa majani makavu na magunia. Amos, mfanyakazi wangu wa miaka ishirini, kauliza kulikoni. Nikamwambia ni sayansi. Akasema haya, bwana, akaenda zake.

Mbingu kavu. Hata tone!

Jumatano, 3 Novemba

Pennock kaja kuegemea lango langu. Eti ndama wake wamenona hadi anafikiria kupanua milango. Kisha akamuulizia Juliana. Juliana ni ng'ombe wangu ambaye mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani. "Vipi jirani, yule anakula, au bado amefunga?" Fidhuli mkubwa!

Lakini kanifumbua macho. Nani atampa paa mtu mwenye ng'ombe kama Juliana? Lazima afichwe. Sasa wapi? Msanifu wa majengo haya alijisifu kwamba mtu akisimama katikati ya ua anaona kila mlango na kila mnyama. Ni kweli. Nimesimama pale saa nzima natafuta pa kuficha ng'ombe, sikupaona.

Isipokuwa juu! Ghala la nafaka, juu ya banda la mikokoteni. Ngazi za mawe, vidato kumi na vitatu tu. Kwa nini wengine hawana akili kama hii?

Alhamisi, 4 Novemba

Nimemtangulia Juliana na kapu la karoti. Kapanda kidato kwa kidato, kwa madaha, kama bibi anayekwenda dansini. Nikajipongeza kwa sauti.

Hapo Amos akakohoa. Akasema ng'ombe hupanda ngazi, lakini kushuka hashuki. Nikamfokea kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Hukuniuliza, bwana. Nilidhani ni sayansi."

Hester kacheka mpaka akakaa chini, kwenye kidato cha kwanza. Amesema sikio la kufa halisikii dawa. Sikuona cha kuchekesha. Juliana anakula shayiri yangu ya mbegu.

Ijumaa, 5 Novemba

Tumesukuma. Tumevuta. Tumemfunga macho kwa shali ya Hester. Juliana kaila shali.

Saa tisa alasiri, mvua! Nikarukaruka uani. Nikangoja maji yamwagike juu ya samadi. Wapi! Mifereji ikajaa, maji yakarudi nyuma chini ya vigae, yakaingia ghalani, halafu chumbani kwetu. Hester katandaza mabeseni matatu, sufuria, na kofia yangu ya Jumapili. Hazungumzi nami. Maji yamezidi unga.

Jumamosi, 6 Novemba

Bwana Crake kafika na mwavuli. Akasimama katikati ya ua, akageuka pande zote, akasifu mpangilio. Nikamwonyesha samadi inavyoteseka. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Paa nikaliona limeshaezekwa!

Ndipo sauti ikatoka juu. Juliana katoa kichwa kwenye mlango wa kupokelea magunia, tumbo limefura kwa shayiri, anatuangalia.

Bwana Crake akauliza yule ng'ombe anafanya nini ghorofani. Ulimi ukanitangulia. Nikasema ni mtindo mpya. Ufugaji wa juu. Ng'ombe wanakaa pakavu, joto la mwili linapanda, samadi haiguswi na mvua. Loo, alivyofurahi! Akatoa daftari, akaandika kurasa mbili. Akanishika mkono, akasema mimi ni mtu wa maendeleo. Kisha akasema kwa kuwa mifugo yangu inaweza kukaa pakavu huko juu, paa la ua sina haja nalo. Atapewa Pennock, maskini, ambaye hajafikia sayansi hiyo.

Nikamshukuru, kama mtu wa maendeleo anavyopaswa.

Hester akamkaribisha chai, akamketisha sebuleni, chini ya pale maji ya chumbani yanapopenya zaidi. Bwana Crake akaahidi paa la nyumba litatengenezwa Jumatatu. Mwanamke yule hana hata mpango mmoja maishani, na bado mambo humnyookea!

Jumapili, 7 Novemba

Nje ya kanisa Pennock kanishukuru mbele ya watu. Kauliza kama na kuku nao nitawapeleka darini. Nimekonda kwa siku moja.

Tuliporudi tukakuta Amos ametandika udongo na mbao juu ya vidato, vikawa mteremko. Juliana kashuka kwa dakika kumi, mwenyewe, bila karoti. Hester amemwambia Amos Mungu ambariki, akanitazama mimi.

Mchana ikaja barua ya Bwana Crake. Alhamisi analeta mabwana kumi na wawili wa chama cha wakulima kutazama ufugaji wa juu. Anatumaini wataukuta umepanuka.

Salaale! Mabwana kumi na wawili! Wakiridhika, Bibi Mkubwa ataninyima paa la ua kweli? Nimemwambia Amos aubomoe ule mteremko, unaharibu sura ya jengo. Halafu alete makapu kumi ya karoti. Ghala lile, nimelipima kwa hatua, linaingia ng'ombe wanane bila taabu.