Sosi ya Nyanya

Jumatatu, 3 Machi
Nyanya zimepanda bei sokoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, bado anapika sosi ya nyanya halisi. Atafilisika. Mimi nimechemsha papai, siki, sukari na rangi nyekundu. Lebo: SOSI YA NYANYA. Mke wangu akauliza nyanya ziko wapi. Nikamwambia kwani nyanya si bibi pia? Nimebandika picha ya nyanya yangu, mama yake mama. Uongo uko wapi? Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mwenye duka la kona kazipokea chupa. Ndiye pekee ambaye hajanifukuza bado, namwogopa hata kumsalimia. Kazipanga kando ya zile za shemeji. Shemeji akafungua moja ya zangu, akanusa, akaniambia hongera. Hongera hiyo imeninyima usingizi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilijua tu. Mkaguzi wa vyakula kaja dukani, akauliza humu nyanya ni kiasi gani. Nikamjibu, jasho likinitoka, kwamba nyanya ni mpishi. Hakucheka. Kesho anakuja nyumbani amwone akipika, la sivyo chupa zinatolewa rafuni. Nikakimbilia kwa Nyanya. Akakubali, mjukuu ni mjukuu. Nikamwomba akiulizwa aseme tu ni siri ya familia.

Ijumaa, 7 Machi
Nyanya kafika na kapu lake na upawa wake. Nikampa papai. Akalimenya, akamkaribisha mkaguzi ale. Kisha akatoa nyanya kapuni, akapika huku akieleza: unazimenya kwa maji ya moto, unachuja mbegu, unachemsha polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Nilikohoa mpaka kifua kikauma. Mkaguzi akauliza papai huingia wapi. Nyanya akamwuliza ni mwendawazimu gani apikaye sosi kwa papai.

Chupa zimetolewa zote. Mwenye duka kasema nisikanyage tena mlangoni kwake. Nililia kidogo nyuma ya jiko.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kamchukua Nyanya awe mpishi wake. Lebo mpya: SOSI YA NYANYA YA NYANYA. Picha ni ileile yangu! Sosi yenyewe haikai rafuni, inagombaniwa. Nyanya kaniletea chupa, akasema jifunze, mjukuu wangu.

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuchagua neno lenye mdomo. Nyama ya mbuzi ni ghali, lakini mbuzi ya kukunia nazi ninayo jikoni, na haiongei. Kesho nakuna nazi. Lebo iko tayari: MCHUZI WA MBUZI.