Kodi ya Uhamisho Anailipa Nani?

Wenzake walikuwa na ofisi zenye mlango na feni. Wakili Benchi alikuwa na benchi. Lilikuwa kwenye ukumbi wa ofisi ya ardhi, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na mwenyewe hakuwa wakili hata kwa bahati mbaya. Mali yake ilikuwa suti moja, sauti nzito ya kusomea hukumu, na bahasha ya kaki isiyo na kitu ndani, aliyoikumbatia utadhani imebeba siri za serikali. Waliokuwa hawaelewi karani kasema nini walimwendea yeye, naye akawaelewesha mpaka wakaondoka hawaelewi zaidi, na mifuko imepungua uzito.

Asubuhi hiyo riziki yake ilikuja ikigombana. Mwanamke msusi, kitana bado kimechomekwa kichwani, na mwanamume fundi wa friji, bisibisi mfukoni mwa shati, walikuwa wamelivamia dirisha la karani.

"Kodi ya uhamisho analipa anayenunua!" alifoka msusi. "Nyumba unachukua wewe, mimi nilipie nini?"

"Analipa anayeuza! Hela si unachukua wewe? Ninunue nyumba, nilipe kodi, nikukodishie na gari la kukurudisha saluni?"

"Bahili mkubwa we!"

"Bahili mimi? Nani aliolewa na viatu vya kuazima?"

Karani alipiga miayo. "Mimi nataka risiti ya benki tu. Bila risiti nyumba haihami jina. Anayefuata!"

Wakaenda kukaa kila mmoja kwenye ncha yake ya ukumbi, wamepeana mgongo. Wakili Benchi akameza mate. Muuzaji na mnunuzi wanaochekeana walikuwa hasara tupu kwake, maana jambo ukimwambia huyu, jioni yule analo. Lakini wasiosemezana! Hao unaweza kuwauzia maji yaleyale mara mbili.

Naye alikuwa na haja kubwa. Karibu na geti la ofisi ile kulikuwa na chumba kidogo cha duka, chenye mlango wa chuma na kufuli, na mwenye nyumba alikubali kumpangisha mwisho wa mwezi, ilimradi alipe pango la mwaka mzima kwa mkupuo. Alikuwa amejinyima sana, fedha ikatimia, ila ya kununulia meza na viti hakuwa nayo. Alikitamani chumba kile kupita kiasi. Mama mkwe wake alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake kaolewa na mtu wa kukaakaa, na ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa kweli.

Alianzia kwa msusi, saluni.

"Dada, pole sana. Nimeipitia sheria yako. Kodi imekuangukia wewe."

Msusi aliacha kusuka. "Mimi muuzaji?"

"Muuzaji. Na ukichelewa, faini yake ni mara mbili. Ila nina mtu wangu ndani. Nipe mimi hiyo kodi, faini isikuguse. Sharti ni moja, yule mnunuzi asijue. Akijua unahangaika, atakushusha bei."

"Ngoja nilale nalo, kesho nitakujibu," alisema msusi.

Kutoka hapo akaenda karakana, akamkuta fundi kichwa chake kimo ndani ya friji.

"Kaka, pole sana. Nimeipitia sheria yako. Kodi imekuangukia wewe."

Kichwa kilitoka. "Mimi mnunuzi?"

"Mnunuzi. Na faini mara mbili. Ila yule muuzaji asijue. Akijua unahangaika, atakupandishia bei."

Fundi naye akaomba alale nalo.

Wakalala nalo. Kesho yake msusi akasema, "Nimekubali, lakini hela naitoa nikishaiona risiti yenye muhuri." Fundi naye akasema, "Nimekubali, lakini hela naitoa nikishaiona risiti yenye muhuri." Wakili Benchi aliona wamesema maneno yaleyale, neno kwa neno, akatikisa kichwa kwa huruma: jamani, wajinga hawatofautiani.

Hilo la risiti lilimkosesha raha kidogo. Yeye hakuzoea kutanguliza fedha yake, alizoea kutanguliza ya watu. Kutengeneza risiti ya bandia hakuthubutu tena, kwa kuwa mbili alizowahi kutengeneza zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma ya karani, ziwe onyo kwa umma. Akapiga hesabu usiku kucha pembeni ya mkewe. Akilipa kodi mara moja na kurudishiwa mara mbili, atapata chumba, meza, viti vya wageni, na kibao cha jina. Kulipokucha alikwenda benki na fedha ya pango. Alipompa mhudumu zile noti alizishikilia kidogo, mpaka yule dada akazivuta.

Siku ya kuhamisha jina wote watatu walifika dirishani. Msusi alitazama dari, fundi alitazama sakafu. Wakili Benchi alikohoa, akamsogelea msusi, akamwonyesha pembe ya risiti.

"Nimeiona," alinong'ona msusi. "Hela iko nyumbani. Niitoe mbele ya huyu? Si umesema asijue?"

Akamsogelea fundi. "Iko nyumbani, kaka," alinong'ona fundi. "Si umesema asijue?"

Lilikuwa sharti lake mwenyewe, angelikanaje? Akaisukuma risiti dirishani. Karani aliikagua kwenye kompyuta, akaikagua tena kwa sababu ya historia, akapiga muhuri. Nyumba ikahama.

Jioni alikwenda saluni, akakuta imefungwa. Jirani akamwambia, "Yuko kwa mama yake, ile nyumba ya geti la bluu." Akakimbilia karakana. Nayo imefungwa. "Yuko kwa mama yake," aliambiwa, "ile nyumba ya geti la bluu."

Akaifuata nyumba hiyo. Mlango ulikuwa wazi. Msusi na fundi walikuwa meza moja, wanakula sahani moja, na fundi alikuwa anamnyang'anya msusi kipande cha nyama.

"Mnajuana?" aliuliza Wakili Benchi, kwa sauti ambayo haikuwa nzito tena.

"Tumbo moja," alisema fundi. "Huyu dada yangu. Nyumba ni hii hii, marehemu baba aliiandika jina lake. Anaiuza apate mtaji, nami nainunua mama asihame."

"Lakini mlikuwa hamsemezani! Mligombana mbele za watu!"

"Sasa mtu baki unaweza kumgombeza hivyo?" alicheka msusi. "Mtu baki unamwonea haya. Miezi mitano huyu hajanisalimia kwa ajili ya hiyo kodi. Juzi nimekuja kumwangalia mama, nikamkuta. Nikamwambia, jikaze, yamekwisha, sheria imeniangukia mimi. Akaniambia, mbona kwangu imeanguka pia? Tukacheka mpaka mama akatoka chumbani."

"Hela yangu," alisema Wakili Benchi. Machozi yalikuwa karibu. "Ilikuwa ya chumba cha ofisi. Nitakwenda polisi!"

"Nenda," alisema fundi. "Ila uwaeleze tangu mwanzo, usiruke."

Akafikiria mwanzo ulivyokuwa, polisi akaiacha. Kisha akajaribu mara ya mwisho. "Sheria haiwezi kuruhusu mimi nilipe kodi ya nyumba yenu."

"Tulimuuliza karani," alisema msusi. "Anasema sheria haimlazimishi muuzaji wala mnunuzi. Anailipa yule ambaye wawili hao wamekubaliana ailipe. Miezi mitano tumeshindwa kukubaliana. Juzi tumekubaliana ulipe wewe."

Pazia la chumbani likasogea, mama mzee akatoka taratibu, mkono ukutani. "Nani huyo mnayemsimamisha mlangoni?"

"Ni yule baba aliyelipa kodi, mama," alisema fundi.

Mama alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na maji.

"Wanangu walikuwa hawasemezani," alisema. "Mtu hata hatukujui, unatoa fedha yako mfukoni, unawapatanisha! Waaminifu kama wewe wamekwisha, mwanangu. Mungu akuzidishie moyo huo huo."

Wakili Benchi alimtazama msusi, akamtazama fundi. Wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa, wanangoja aitikie dua.

"Amina, mama," akasema.