Ombi la Kusitishwa kwa Salamu Kati ya Mpemba na Tunduma

Danford Sichone,
Mpemba.
9 Machi 1998

Ndugu Afisa Mtendaji wa Kata,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama watoto, na yule ng'ombe wenu aliyekuwa anachechemea. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto, na ni kwa niaba yake ninaandika.

Kila asubuhi naendesha baiskeli kutoka hapa hadi sokoni Tunduma, nimefunga gunia la maharage nyuma. Nikifika, kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi, na maumivu yanapanda kama umeme mpaka kwenye kiwiko. Ningevumilia, lakini mkono huo ndio unaobana nyuzi za gita la kwaya yetu. Mwalimu wa kwaya, Ndugu Osea, amesema vidole visipoamka kabla ya Jumapili ya Matawi, Pasaka atapiga Gasper. Gasper hupiga gita kama mtu anayepura maharage. Ndugu Mtendaji, nimelipiga gita lile miaka kumi na moja, nalipenda, na nikinyang'anywa nitalia mbele za watu.

Nimefanya uchunguzi wa kina, nikagundua kwamba chanzo ni salamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutoka nyumbani hadi sokoni nasalimiwa na watu arobaini na watatu. Kila mmoja lazima nimpungie mkono wa kulia, kama tulivyolelewa. Wakati wa kulia uko hewani unakula upepo, wa kushoto unabaki peke yake kushikilia usukani, gunia na mimi mwenyewe. Huo ni uonevu.

2. Mama Restuta, muuza maandazi wa pale kona, hatosheki na kupungiwa. Anauliza habari za nyumbani, za shamba, za mama yangu aliyeko Nakonde, na za kuku. Namjibu mkono ukiwa juu muda wote, maana kuushusha kabla hatujafika kwenye kuku ni dharau.

3. Wazambia nao wamejiunga. Karibu na mpaka ni "Mwapoleni mukwai" kila upande, tena wenzetu wale husalimia kwa kupiga makofi. Nikiwajibu kwa makofi, baiskeli atashika nani?

4. Nesi Enesi wa zahanati amenishauri niwe nautoa mkono kwenye usukani mara kwa mara, niukung'ute, nikunjue vidole. Nilimjibu kwa heshima kwamba sina nafasi ya mambo hayo, barabarani niko kwenye kusalimia.

Kwa hiyo naomba utoe tangazo kwamba kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi ni marufuku kumsalimia mwenye baiskeli. Ikishindikana, nipewe kibao chenye mhuri wa kata, nikifunge mbele ya usukani: HUYU AMESHASALIMIA. Hicho nacho kikishindikana, watu wote arobaini na watatu waje kwangu Jumapili baada ya ibada, niwasalimie kwa mkupuo, salamu za wiki nzima. Chai ataandaa mke wangu Elizabeti, ingawa bado sijamwambia.

Nisalimie karani, mgambo wote, mama watoto, watoto mmoja mmoja, na ng'ombe.

Wako mtiifu, mwenye mkono mmoja na nusu,
Danford Sichone
Mpiga gita (kwa sasa)

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni wiki mbili nikitafuta bahasha. Wiki ya kwanza nilipita njia ya mashambani, ambako hakuna wa kunisalimia. Kufika Ijumaa mikono yote miwili ilikuwa imekufa ganzi, Elizabeti akawa ananifunga vifungo vya shati. Hapo ndipo nilipojiuliza kwa nini wa kulia ulikuwa haujawahi kuumwa. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Nimerudi barabarani: watu ishirini nawapungia kwa mkono wa kulia, ishirini na watatu kwa wa kushoto. Jana vidole vilibana nyuzi zote sita, Osea akatabasamu, Gasper akarudishwa kwenye kayamba. Tatizo ni kwamba Mama Restuta yumo katika wale ishirini na watatu. Najua kumpungia mtu mzima mkono wa kushoto ni matusi. Akifika ofisini kwako kunishtaki, naomba umpe kiti, umuulize habari za kuku, na umsalimie kwa niaba yangu kwa mkono wa kulia.