Boliti Nne za Kitanda Namba 207

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba karakana ya vitanda vya hospitali inayoongozwa nami imeshika nafasi ya kwanza kitaifa katika Ufuatiliaji wa Bidhaa Zisizokamilika. Tunafuatilia vitanda mia nne na kumi na viwili. Kila kitanda kina kadi, kila kadi ina saini saba, na saa yoyote najua kipi kiko kwa mchomeleaji na kipi kwa mpaka rangi.

Wapo wanaouliza vilivyokamilika ni vingapi. Swali la kitoto. Kitanda kikikamilika kinatoka kwenye takwimu zangu! Mwaka jana mafundi walifanya pupa wakamaliza thelathini kwa wiki moja, takwimu zikaporomoka, nikaitwa makao makuu kujieleza. Nikatoa waraka: boliti nne za miguu zifungiwe stoo, zisitoke bila saini yangu. Tangu hapo sijasaini.

Wiki iliyopita mchomeleaji aliingia ofisini kwangu, kofia mkononi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Una kadi?"

"Mama yangu kalazwa, analala sakafuni. Naomba boliti nne tu, nimalizie 207."

"Wodi ina vitanda vingapi?"

"Kumi."

"Sisi tuna mia nne na kumi na viwili. Unaona tulivyowaacha mbali?"

"Lakini havilaliki, bosi!"

"Vinafuatilika."

Akatoka bila kuaga. Watu wengine hata uwafanyie nini, hawana shukrani.

Siku ya tuzo wakubwa wa wizara walijaa karakanani. Jukwaa halikuwapo, nikapanda juu ya 207 ili nionekane vizuri.

"Bosi, shuka, hicho hakina..." mchomeleaji alipaza sauti.

"Usinikatize!"

Nilikuwa kwenye sentensi ya pili. Miguu minne ilitawanyika, kila mmoja na njia yake, na mkono wangu wa kulia ukavunjika mara mbili.

Wodini walinifunga plasta, kisha muuguzi akanionyesha sakafu. Nikafoka, "Unajua mimi ni nani?"

"Tunakujua sana, mzee. Tumekuandikia barua sita za kuomba vitanda."

Nikampigia simu mchomeleaji. Alikuja mbio na 207 kwenye mkokoteni, spana mfukoni na kadi mkononi. Kwa mara ya kwanza nikasaini, kwa mkono wa kushoto, nikamtuma stoo. Alirudi mikono mitupu.

"Mtunza stoo kakataa. Anasema saini haifanani na iliyo kwenye faili."

"Mwambie ni mimi!"

"Nimemwambia. Kasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi, hawezi kukuangusha."

Akaichukua ile kadi, akaifunga taratibu kwenye plasta yangu. "Ili usipotee, bosi."

Mama yake, aliyekuwa kwenye mkeka wa pembeni, akajivuta kunipa nafasi.

"Karibu, baba. Lalia ubavu. Baridi ya hapa inaanzia kiunoni."