Mabwana Shamba Tisa na Tovuti Yangu

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Wageni hakuna. Vyumba sita, mashuka safi, na panya mmoja anayelala bure.

Oswald, mwanangu, kapiga simu kutoka Makambako. Anakuja Jumatano ijayo. Akikuta vyumba vitupu, nyumba anampangisha mfanyabiashara wa mbolea aifanye ghala, na mimi nihamie kwake. Mbolea! Ndani ya chumba alichozaliwa yeye mwenyewe! Nikamwambia marehemu baba yako Rupert hakufyatua tofali hizi kwa ajili ya magunia. Kasema Mama, magunia hayakosekani msimu wowote. Na huko kwake yupo mkewe, anayepika ugali laini kama wa mgonjwa. Siendi. Miaka arobaini na moja nalala Majengo, hapa Songea, na nitafia Majengo.

Mchana Stumai, anayenifulia mashuka, kaleta habari. Mabwana shamba tisa wanakuja Jumatatu kutoka Lindi, semina ya siku kumi. Malazi wanajitafutia wenyewe kwenye simu. Mwanahawa wa ng'ambo ya barabara ana tovuti. Mimi sina. Mwanahawa aliyefungua nyumba ya wageni juzi tu!

Mpaka Jumatatu nitakuwa nayo.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa Sixbert, fundi wa tovuti, mtoto wa Kunegunda tunayeimba naye kwaya. Ofisi yake iko juu ya duka la vipuri. Ngazi kumi na tisa, na magoti yangu haya.

Kaniamkia shikamoo, kanipa kiti. Adabu ikaishia hapo. Akaanza kunihoji kama polisi. Wageni wangu ni watu wa namna gani? Wanauliza nini kwanza? Maji ya moto yapo? Nikasema yapo, kwenye sufuria. Akaandika! Mgeni akishuka stendi anafikaje kwangu? Nikamwambia mbona wewe ulikuwa unafika, mgongoni kwa mama yako, kamasi mpaka kidevuni. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri akacheka hadi akakohoa. Sixbert hakucheka. Kasema namba ya simu na ramani kwanza, mapambo baadaye. Tena lazima aje apige picha vyumba kama vilivyo. Siku tano.

Siku tano! Mungu aliumba dunia nzima kwa sita. Na nani kamwomba picha za vyumba kama vilivyo?

Nimeshuka bila kuaga.

Alhamisi, 10 Julai

Stumai kanionyesha kitu kwenye simu. Akili mnemba. Unaisemesha, inakutengenezea tovuti kabla chai haijapoa. Nimeiita Mnemba tu, kwa kifupi.

Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Nimetaja jina, Emerensiana. Kasema ni jina zuri. Sixbert hakusema hivyo. Nimesema nyumba yangu ni bora kuliko zote Songea. Kaandika hapo hapo, hakuuliza nani kasema. Kaweka rangi ya buluu, nikamfokea, buluu ni ya Mwanahawa! Kaniomba radhi. Kasema mimi nina haki kabisa. Nina miaka sabini na miwili, nimezaa, nimezika, nimesimamia harusi ngapi, na hii ni mara ya kwanza kuambiwa nina haki siku ile ile.

Kaomba namba ya simu. Siweki. Mwaka juzi walinipigia matapeli wakasema nimeshinda friji. Mgeni wa kweli anabisha hodi. Kasema ananielewa, usalama wangu ni muhimu.

Kauliza nyumba iko wapi. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu: Majengo, mkabala na kwa Mwanahawa mwenye geti la buluu, hata bodaboda wanapajua. Kasema maelezo yangu ni wazi sana.

Chai ilikuwa bado ya moto.

Ijumaa, 11 Julai

Tovuti inapendeza mno. Vitanda vyeupe pe, na juu ya kila kitanda taulo limekunjwa likawa bata. Stumai kauliza vitanda hivyo viko wapi. Nikamwambia aache kuuliza, akunje mabata. Kakunja sita. Moja kidogo linafanana na bata. Mengine ni kuku waliougua kideri.

Sixbert kapita na kuangalia. Kasema bibi, tovuti hii haina namba, haina ramani, na jina linaloonekana vizuri kuliko yote ni la Mwanahawa. Umemtangazia biashara. Nikamwambia wivu utakuua ungali kijana. Kasema yuko tayari kuirekebisha leo leo. Nikamwambia aende akarekebishe ngazi zake.

Alipoondoka nikamuuliza Mnemba kama Sixbert ana wivu. Kasema hawezi kuujua moyo wa mtu, ila swali langu linaonyesha busara. Mnaona? Mtu amelelewa huyo.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimewaonyesha wanakwaya wote. Kunegunda kasema mabata ni mazuri, akauliza kwa nini mwanawe hakupewa kazi. Nikamwambia anauliza maswali mengi, kakurithi.

Nimekutana na Mwanahawa dukani, ananunua hamira. Shikamoo Mama Oswald, habari za baridi. Nikamwitikia, nikamshauri vyumba vyake avitafutie mtu wa mbolea mapema, kabla bei ya ghala haijashuka. Kauliza kama nimekula.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeoga mapema. Nimevaa khanga mpya. Nimekaa sebuleni, mlango wazi. Stumai alitaka akasimame barabarani awapokee, nimemkataza. Kusimama barabarani ni kazi ya wauza karanga.

Saa kumi jioni nikasikia bodaboda. Nyingi. Nikakaa sawa. Zikazima. Hodi hakuna. Nikasikia vicheko, lakini ng'ambo.

Stumai kaingia mbio. Kasema mama, wageni wa mabata wamekwenda kwa Mwanahawa.

Nikavuka. Yesu na Maria! Tisa wote wamekaa barazani kwake, mabegi ndani, wanakunywa chai na vitumbua. Mmoja, mnene, jina lake Abuu, kashika simu yenye tovuti yangu. Yangu! Anamuuliza Mwanahawa mabata ya taulo yako chumba gani. Kumbe stendi waliwasomea bodaboda maelezo, bodaboda wakasikia Mwanahawa, geti la buluu, wakawasha pikipiki. Walipotaka kupiga simu kuhakikisha, hawakuona namba.

Mwanahawa kanipa kiti. Kasema Mama Oswald, Mungu kaniletea wageni, hata sijui wamenijuaje. Nikamwambia hao ni wangu. Kasema wamekwishaoga, mama.

Ningefanya nini, niwavute masikio? Nimekunywa chai yake. Vitumbua vilikuwa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Keshokutwa Oswald. Nimeangalia chumba alichozaliwa, nikapima kwa macho. Magunia mia yanaenea. Sikula chakula.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi hodi. Mwanahawa, na begi la mtu kichwani. Nyuma yake mabwana shamba watatu, Abuu mbele. Kasema vyumba vyake ni sita, watatu wamelala kwa kubanana, na Abuu anakoroma mpaka vikombe vinatikisika. Kasema nimekuletea hawa, mama, jirani ni wewe.

Nimewapokea. Abuu kaona bata kitandani. Kauliza kama ni kuku. Nikamwambia ni bata wa Songea, mtu wa Lindi utamjulia wapi.

Sixbert naye kaja tena. Atatia namba na ramani bure, nimpe chakula cha mchana tu. Nimempa chakula. Namba sikumpa.

Jumatano, 16 Julai

Oswald kafika. Kakuta jozi tatu za viatu vya wanaume mlangoni, mashuka yameanikwa, Abuu anakoroma mchana kweupe. Kazunguka nyumba yote. Kisha kampigia simu mtu wa mbolea, kamwambia asubiri mpaka baada ya Krismasi.

Nikaingia jikoni, nikajifuta macho. Moshi.

Kauliza wageni walinipataje. Nikasema tovuti. Stumai akafungua mdomo, nikautia kipande cha muhogo. Na nimesema uongo gani? Mnemba aliwaleta tisa. Sita waliibwa njiani. Watatu wakarudi kwa mwenyewe. Sixbert angetaka siku tano na maswali mia.

Oswald kavutiwa. Anakodisha viti na maturubai huko Makambako, biashara imelala. Kaomba nimtengenezee na yeye. Tumeanza hapo hapo. Mnemba kauliza wateja watampataje. Nimesema mtu akifika Makambako aulize Oswald mwenye viti, nani asiyemjua? Mnemba kasema ni maelezo bora kabisa.

Oswald kadakia, Mama, Makambako kuna akina Oswald watatu wenye viti.

Nimemwambia anyamaze, watu wazima tunazungumza.